MJI WA KAPENGURIA NA SIFA YAKE

Jina la Kapenguria hujulikana na kila mwanafunzi wa Kenya, walakini walio wengi hawajapata kuufikia mji wenyewe. Ni mji mdogo karibu na milima ya Cherangani, nao ni makao makuu ya Kaunti ya Pokot Magharibi. Msafiri atokaye Kitale kwenda Lodwar hukutana na Makutano, penye maduka, magari na kelele za biashara. Kapenguria yenyewe iko kando ya barabara kuu, penye maofisi na utulivu. Huenda mtu akapita asijue kuwa amepita.

Upweke huo ndio ulioupatia mji sifa. Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ilipowakamata Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, ilitaka kuwashtaki mahali palipo mbali na Nairobi na mbali na watu wao. Wilaya hii ilifaa, kwani mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Hoteli haikuwapo. Mawakili, akiwamo Bw. D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kila siku. Hata mahakama ya kutosha haikupatikana, ikabidi kesi isikilizwe katika chumba cha shule.

Kesi ilianza tarehe 3 Desemba 1952. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hukumu ya Oneko ilifutwa katika rufani, lakini hakuachiliwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa mashtaka, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Ajabu ni kwamba alifungwa kwa kiapo hiki cha pili, si kwa kile cha kwanza.

Jela walimowekwa washtakiwa ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1993. Yafaa sana kwamba nje ya vyumba vya wafungwa zimejengwa nyumba za Kipokot na za Kisengwer, kwa maana nchi hii haikuanza na kesi. Wapokot walichunga ng'ombe na mbuzi mabondeni, na kulima milimani, kabla hakimu yeyote hajafika.

Mgeni ashukaye Makutano na aulize njia ya jela ya zamani.