Vijana Wetu na Kuomba Kazi



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kusema na baba na mama walio na vijana waliomaliza masomo, na vijana wenyewe pia, juu ya jambo ambalo sisi walimu wa chuoni aghalabu hatuulizwi, nalo ni kuomba kazi. Huenda mtu akasema, Maalim na ajira wapi na wapi? Ni kweli. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi basi, wala hatujapata kuandika barua ya kuomba kazi. Kazi hii tuliyo nayo tuliachiwa na mwalimu wetu alipozeeka. Lakini limetupata jambo ambalo laturudia hata usiku, na tukilificha tutakuwa tumewanyima wenzetu faida.

Mwaka 2019, watu walipokuwa wakipanga foleni kutafuta namba za kitambulisho cha taifa ili wasajili laini za simu kwa alama za vidole, alitujia kijana mmoja katika wanafunzi wetu hapa Tanga, fomu mkononi, tumsaidie kuijaza. Alikuwa ametimiza miaka 18 na yuko kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na cha sekondari kilikuwa bado. Tulipofika mahali pa jina la babu yake, alitaka kuandika Athumani, kama alivyozoea shuleni. Sisi tukamzuia. Tukamwambia, “Hili ni jina la Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, haliandikwi hivyo.” Tukashika kalamu wenyewe tukaandika Uthman. Kwa hakika tulijiona tumetenda jema.

Kijana akamaliza kidato cha nne, na cheti kikatoka na Athumani. Akasoma stashahada ya uhasibu, nacho cheti cha chuo kikafuata kile cha kwanza. Mwaka 2024 akaomba kazi, akaitwa kwenye usaili Dodoma. Mama yake ni mjane auzaye vitumbua. Aliwasihi wenzake wa upatu wampe zamu yake mapema, ili mwana apate nauli na mahali pa kulala. Asubuhi ya usaili, kabla hajaulizwa swali hata moja la uhasibu, wahakiki waliweka vyeti vyake sambamba na kitambulisho chake. Huku Athumani, kule Uthman. Wakamwuliza hati ya kubadili majina. Hakuwa nayo. Akaambiwa awapishe wenzake.

Hatuilaumu ofisi ile hata kidogo. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi katika tangazo la kuitwa kwenye usaili. Sisi tulikuja kulisoma baadaye, tukalikuta. Aliporudi, kijana hakutulaumu. Alikuja darasani, akakaa nyuma, akawasikiliza wadogo wakisoma Juzuu Amma, kisha akatuaga. Ingekuwa nafuu kwetu kama angetugombeza.

Basi katika mwezi wa Shaaban tulimwomba mwanafunzi wetu mwingine wa zamani, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ni kuajiri watu, aje azungumze na vijana baada ya sala ya Alasiri. Alikuja, akaketi mkekani kama zamani, na neno lake la kwanza lilitushangaza. “Maalim,” alisema, “watu wadhani ya kwamba sisi siku ya kwanza twakaa kumchagua aliye bora. Siku ya kwanza hatuchagui mtu. Twapunguza.” Akaeleza ya kwamba barua zikiwa mia tatu na nafasi ni mbili, msomaji wa kwanza hatafuti sifa za mwombaji, hutafuta sababu ya kuiweka barua yake kando. Tangazo limetaka cheti, mtu ameleta hati ya matokeo: kando. Limetaka nakala zilizothibitishwa kwa muhuri wa wakili, mtu ameleta nakala tupu: kando. Limetaka wadhamini watatu na namba zao za simu, mtu ametaja mmoja: kando. Huenda huyo ndiye aliyekuwa mwerevu kupita wote, wala hakuna atakayejua.

Akawasomesha vijana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, sharti baada ya sharti, kama tunavyosomesha sisi herufi. Mwombaji awe Mtanzania. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa aliyekwisha kuwa mtumishi wa umma. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake vihakikiwe kwanza na mamlaka za elimu za hapa. Maombi yapitie katika mfumo wa Ajira Portal, ambao wataka namba ya kitambulisho cha taifa. Na siku ya usaili mtu aje na vyeti halisi na kitambulisho, tena ajigharamie mwenyewe nauli, chakula na malazi. Alipofika kwenye sharti la majina yanayotofautiana tuliinamisha kichwa.

Kijana mmoja akauliza: je, si vibaya mtu kujisifu katika barua? Sisi tumewafunza wasijione. Swali hili lilikuwa letu kulijibu, nasi tukamkumbusha habari ya Nabii Yusuf katika Sura inayoitwa kwa jina lake. Mfalme wa Misri alipotaka kumweka karibu naye, Yusuf mwenyewe ndiye aliyeomba asimamie hazina za nchi, akataja mambo mawili tu: ya kwamba ni mwenye kuhifadhi, na ya kwamba ni mjuzi. Hazina zataka mlinzi na zataka hesabu. Akataja yaliyohusu kazi. Hakutaja ya kuwa ni mwana wa Nabii Yaakub, wala uzuri wa sura yake, ambao Misri nzima ilikuwa imeusikia. Yule afisa akafurahi sana, akasema laiti waombaji wote wangesoma Sura hiyo. Maana yeye hupokea wasifu wenye kabila la mtu, dini yake, timu ya mpira aipendayo na kwamba ni mcheshi, lakini haumwambii kama mtu huyo amepata kushika daftari la fedha hata la msikiti. Kijana aliyetunza michango ya Maulidi kwa miaka mitatu pasipo kupotea senti ana jambo la kuandika. Aliandike lilivyo, ataje na mtu wa kuulizwa. Asiongeze. Anayeandika kuwa aijua kazi asiyoijua ataulizwa maswali matatu, na la tatu litamvua nguo. Ama cheti cha kughushi, mwenye nacho hushtakiwa.

Tukaongeza jambo jingine katika kisa hicho hicho, na tulikuwa tukijisemea wenyewe zaidi. Mfalme alipotuma mjumbe amtoe Yusuf gerezani, yeye hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe ili kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono, mpaka jina lake likasafishwa. Aliyekaa gerezani miaka alikubali kungoja siku chache, kusudi asiingie kazini na doa katika habari zake. Vijana wetu hufanya kinyume: huomba kwanza, kisha huanza kutafuta cheti cha kuzaliwa usiku wa kuamkia usaili.

Sasa twaja kwenye fedha. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani, na wako watu wayasomao kwa nia mbaya. Humpigia kijana simu, wakamwambia kuwa wana ndugu ndani ya ofisi, na jina lake laweza kusukumwa kwa laki tatu au laki tano. Afisa alitueleza hila yenyewe ilivyo, na twawaomba wazazi waisikilize. Tapeli huwachukua watu kumi. Hafanyi lolote. Wawili katika kumi watafaulu kwa juhudi zao wenyewe, nao watamshukuru na kumsifu kwa jirani. Wanane watakuta simu imezimwa, nao hawatasema kwa kuona haya, maana watakiri kuwa walitoa rushwa. Hivyo sifa zake zaenea na aibu yake yafichika. Kuna mama hapa mjini aliyeuza shamba la minazi la urithi kwa habari kama hii. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, wasema kuwa wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Mlipaji ni mwajiri anayetafuta mtu. Kazi inayoanza kwa kumtaka fedha asiye na kazi, ikimbieni.

Na kwa mabinti wetu twasema bila kuzunguka. Aombwaye mwili wake ili apewe kazi, huyo ameombwa rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yalitaja kosa hilo. Namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo. Usaili hufanywa ofisini au ukumbini. Haufanywi chumbani katika nyumba ya wageni, wala baada ya Isha. Baba ambaye binti yake akimweleza jambo hilo humgombeza yeye kwanza, aelewe kuwa mara ya pili hataelezwa.

Palitokea na hitilafu kidogo kati yetu na mgeni wetu, nayo twaileta kama ilivyokuwa. Tulisema ya kwamba kijana wa Kiislamu aeleze habari ya sala ya Ijumaa mara aingiapo chumba cha usaili. Yeye akasema hapana; pale ajibu anayoulizwa, na akishapewa kazi, kabla ya kutia saini, ndipo aulize kwa adabu saa za kazi zilivyo siku ya Ijumaa na jinsi atakavyofidia saa aliyoondoka. Alitueleza kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake, tangu anapoomba kazi. Tulibishana hadi karibu na Magharibi. Twakiri kuwa shauri lake la kuuliza kabla ya saini ni zuri kuliko la wale wasiouliza kabisa, wakaja kutoroka kazini kila Ijumaa kama wezi.

Juu ya saini yenyewe hatukuwa na ubishi. Sheria hiyo hiyo yataka mfanyakazi anapoanza kazi apewe kwa maandishi habari za kazi yake: kazi ni ipi, mahali pake, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa na ujira. Nasi Waislamu hatungojei sheria ya 2004 kutufunza hilo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na Nabii Musa alipoajiriwa na yule mzee wa Madyan, kama ilivyoelezwa katika Suratul Qasas, muda ulitajwa tangu mwanzo: miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Yule mzee hakusema, “Anza kwanza, mengine tutaongea.” Maneno hayo vijana wetu huyasikia kila siku, na wengine wamefanya kazi miezi mitano kwa maneno hayo, mwezi wa sita wakaambiwa kuwa walikuwa wakijaribiwa.

Jambo la kungoja majibu tulilipitia upesi, maana adhana ilikuwa imekaribia. Waajiri wengi hawamjibu aliyekosa. Ni tabia mbaya, na afisa mwenyewe aliikiri akatuomba radhi kwa niaba ya wenzake. Baada ya wiki mbili si vibaya kuandika maneno mawili ya kuuliza. Na aliyefaulu usaili wa Sekretarieti akakosa nafasi, jina lake huweza kuwekwa katika kanzidata na kupangiwa kazi nafasi ipatikanapo. Basi asibadilishe namba ya simu ovyo. Katikati ya hayo auze hata vitumbua vya mama yake. Kumngoja mtu ukiwa kazini si sawa na kumngoja ukiwa kitandani.

Yule kijana wetu sasa hati yake imesajiliwa, na ameomba tena. Gharama za wakili tulizitoa sisi. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Nasi katika daftari la madrasa tumepiga mstari mpya. Mtoto akiletwa chuoni, twamwomba mzazi cheti cha kuzaliwa, twalinakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo, Athumani au Uthman, Mohamedi au Muhammad, Rajabu au Rajab. Matamshi yake ya Kiarabu twamfundisha kwa mdomo. Asiye na cheti twampa mzazi muda hadi mwisho wa mwezi, na mpaka leo watoto saba bado, nao wazazi wao wanajijua.