Lubumbashi: somo la uyoga liko porini

Mtoto wa Katuba au Kamalondo anajua pori kupitia gunia la makala. Miti ya miombo iliyokuwa karibu na mji imekatwa, na pori linazidi kwenda mbali. Mvua zikishika, wamama wanauza uyoga kando ya barabara. Mtoto anajua bei ya fungu. Mti wake haujui.

Na bila mti ule, uyoga hauko. Aina nyingi zinazoliwa Haut-Katanga zimeshikana na mizizi ya musamba na ndugu zake: mti unatoa sukari, uyoga unausaidia kupata maji na chakula cha udongoni. Ukiuchoma musamba makala, na uyoga wake umekwisha pale. Ubaoni somo hili halishiki sana.

Kilomita 30 hivi kutoka mjini kuna Mikembo, hifadhi ya hekta 800. Huko, kwenye hekta 10, watafiti wamepima miti mmoja mmoja. Mwaka 2017 André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef walitoa kitabu cha picha juu ya uyoga unaoliwa Haut-Katanga. Kiko bure kwenye intaneti, ila ni cha Kifaransa. Tena picha peke yake ni hatari, maana uyoga wa sumu unaweza kufanana na ule mzuri. Lazima awepo mama muokotaji, anayeugeuza, anayeunusa, anayesema: huu acha.

Shule isiyo na pesa ya gari ianze naye sokoni, aje darasani na beseni lake.