Maneno ya Mazoea ya Kiitalia katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Pwani ya Malindi imezoea wageni na lugha zao. Vasco da Gama alitia nanga huko mwaka 1498, na Wareno waliomfuata wakakiachia Kiswahili maneno kama meza, bendera na gereza. Wageni wa karibuni zaidi ni Waitalia. Kituo cha San Marco huko Ngomeni, kazi ya Profesa Luigi Broglio, kilirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Katika miongo iliyofuata, hoteli na nyumba za Waitalia zilienea Malindi na Watamu. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya maneno ya mazoea ya lugha hiyo, na kuonyesha kwamba tafsiri ya neno kwa neno haimtoshi ajifunzaye ufukoni.

2. Wepesi na mitego yake

Maneno mengi ya Kiitalia huishia kwa irabu, kama yale ya Kiswahili. Kwa hiyo hayaupi taabu ulimi wa Mswahili. Hata hivyo, Kiitalia hutofautisha konsonanti fupi na ndefu. Nonno ni babu, lakini nono ni "wa tisa". Naye Mswahili huelekea kuyasikia yote mawili kama sifa ya mnyama aliyenenepa. Casa nayo ni nyumba, si kasa wa baharini.

3. Maneno yenyewe

(a) Dai. Asili yake ni amri ya kitenzi "kupa". Katika mazungumzo maana yake ni "haya basi!", "twende!" au "acha mzaha!", kulingana na kiimbo. Mwuza vinyago aambiwaye hivyo hadaiwi chochote.

(b) Magari. Neno hili lina asili ya Kiyunani, lenye maana ya "mwenye heri". Likisimama peke yake ni "laiti!", ndani ya sentensi laweza kuwa "huenda". Mtalii aulizwaye kama atakwenda Tsavo, naye akajibu "magari!", hakuagiza gari, ametamani tu.

(c) Boh. Ni "sijui mimi!", na aghalabu husemwa huku mabega yakipandishwa.

(d) Senti. Si fedha, bali ni "sikiza!" kwa mtu uliyemzoea. Kwa mtu wa kuheshimiwa husemwa senta. Irabu moja tu ndiyo ibebayo adabu yote.

4. Suala la heshima

Mfano huo wa mwisho ndio kiini cha jambo. Kiitalia kina nafsi ya pili ya mazoea, tu, na ya heshima, Lei. Mtoto wa Malindi humwamkia Mzungu yeyote kwa ciao, ilhali kwa Waitalia neno hilo ni la jamaa, marafiki na marika. Ajabu ni kwamba ciao lilitokana na neno la Kivenisi lenye maana ya "mtumwa wako". Shikamoo nayo hufasiriwa kuwa "nashika miguu yako". Maamkizi yote mawili yalianza kwa unyenyekevu. Shikamoo ikabaki na heshima yake, ciao ikaivua. Basi kijana amwambiaye mzee wa Kiitalia asiyemjua ciao, badala ya buongiorno, ni kama aliyesema "mambo?" mahali pa shikamoo. Mgeni naye amwambiapo mzee wa Kigiriama "jambo" kama amwambiavyo mtoto, hutenda kosa lile lile. Kila mmoja hurudi kwake akidhani mwenzake hakufunzwa adabu, kumbe kilichokosekana ni fundisho la lugha.

5. Hitimisho

Neno la mazoea halina maana kamili mpaka ijulikane nani amwambia nani. Kwa hiyo, atakayetunga faharasa ya maneno haya kwa vijana wa Malindi, Watamu na Kilifi hana budi kuandika mambo matatu: maana, kiimbo, na cheo cha aambiwaye. Faharasa ikikosa hilo la tatu, itamfundisha kijana kusema bila kumfundisha kuamkia.