Pikipiki Moja, Miendo Miwili: Jinsi ya Kuchagua Inayofaa Jam na Barabara Kuu

Jumatatu hadi Ijumaa unapenya jam ya Jogoo Road: gia ya kwanza, gia ya pili, breki, tena gia ya kwanza. Jumamosi barabara iko wazi, mkono unakuwasha, na unataka kusikia injini ikivuta hadi Magadi na kurudi. Pikipiki ni ile ile moja, na pesa ya kununua ya pili hakuna. Sasa ununue ipi?

Tunajua wengi wenu mnaweka akiba mos mos kwenye simu kwa ajili ya nduthi. Pesa hiyo imetoka jasho, kwa hivyo tungependa iende mahali panapofaa. Jibu letu kwa ufupi ni hili: nunua pikipiki ya ule mwendo unaoenda saa nyingi zaidi, halafu hakikisha ina akiba ya nguvu na breki kwa zile saa chache za kukimbia. Ukianza na swali la "inafika ngapi?", utalipia kitu ambacho hutumii, na kwenye jam utateseka kila siku.

Wacha tulifungue jibu hilo hatua kwa hatua.

Hesabu saa zako kwanza

Chukua karatasi. Kwa wiki moja, andika kila safari: umetoka wapi, umeenda wapi, imechukua dakika ngapi, ulikuwa peke yako au umebeba mtu au mzigo. Mwisho wa wiki jumlisha vikapu viwili: saa za mwendo wa chini ya kilomita 40 kwa saa, na saa za mwendo wa juu ya hapo.

Watu wengi wanaoishi mjini watashtuka. Unajiona mtu wa mwendo kasi, kumbe saa 9 kati ya 10 uko gia ya pili. Na kumbuka ndani ya mji sheria ya Kenya inakuruhusu kilomita 50 kwa saa tu. Kama kikapu cha pole pole ndicho kizito, hicho ndicho kitakachoamua. Kama unaishi Kitengela na unafanya kazi katikati ya Nairobi, vikapu vinaweza kukaribiana, na hapo uamuzi unabadilika.

Cc peke yake haitoshi

Muuzaji atakuambia cc kwanza. Ni sawa, lakini cc inakuambia ukubwa wa injini, si tabia yake. Tabia inatokana na mahali ambapo injini inatoa nguvu yake ya kuvuta: inapozunguka taratibu au inapozunguka kwa kasi.

Angalia mfano huu. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 na KTM 390 Duke ya cc 373 ziko karibu kwa ukubwa wa injini. Duke ina nguvu za farasi karibu 43, Himalayan karibu 24 tu. Ukisoma karatasi utasema Duke imeshinda, mambo yameisha. Lakini Himalayan inafikia mvuto wake mkubwa zaidi injini ikiwa kwenye mizunguko kati ya 4,000 na 4,500 kwa dakika, ilhali Duke inahitaji kufika karibu 7,000. Maana yake ni kwamba Himalayan inaweza kutembea pole pole kwenye gia ya tatu bila kulalamika, na ukifungua mafuta inakuja. Duke inataka uishughulikie: ushuke gia, upandishe mizunguko, ndipo ikupe raha yake. Kwenye kona za Limuru hiyo ni burudani. Kwenye foleni ya saa moja ni kazi ya mkono wa klachi.

Kwa pikipiki za kazi kama Bajaj Boxer na TVS HLX, kanuni ni ile ile. Zimetengenezwa kuvuta zikiwa chini, ndiyo maana mwendeshaji wa bodaboda anabeba mtu na gunia na bado anaondoka vizuri. Lakini zikifika mwendo wa juu hazina tena kitu cha ziada, na injini inaanza kupiga kelele.

Kwa hivyo, unapouliza kuhusu pikipiki, usiishie kwenye nguvu za farasi. Uliza: mvuto wake mkubwa uko kwenye mizunguko mingapi? Kadiri nambari hiyo ilivyo chini, ndivyo mwendo wa pole pole unavyokuwa rahisi.

Sproketi inaweza kukuokolea pesa

Hapa kuna jambo ambalo fundi wako analijua lakini pengine hajakuambia. Tabia ya pikipiki unaweza kuibadilisha kidogo bila kununua nyingine, kwa kubadilisha sproketi.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Ya mbele inazunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, sasa inazunguka mara 3.23. Pikipiki itavuta vizuri zaidi mlimani na kwenye jam, lakini kwa mwendo ule ule injini itazunguka karibu asilimia 8 zaidi, kwa hivyo kelele na mafuta vitapanda kwenye barabara kuu. Ukiweka meno 15 inakuwa kinyume: barabara kuu inatulia, mlima unakuwa mzito.

Kama pikipiki unayoipenda inakufaa kwa karibu kila kitu ila inavuta kwa uvivu, usikimbilie kuongeza cc. Muulize fundi kuhusu sproketi kwanza.

Unaishi juu au chini?

Injini inahitaji hewa, na hewa hupungua unavyopanda. Kwa makadirio, injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, Eldoret karibu 2,100. Pikipiki inayokimbia vizuri Mombasa haitakuwa ile ile ukifika Limuru.

Ndiyo maana ushauri wa binamu yako wa Pwani unaweza kukupoteza. Yeye anasema cc 100 inatosha, na kwake ni kweli. Wewe unayepanda kutoka Magadi hadi Kona Baridi ukiwa na mtu nyuma, utataka cc 150 au zaidi. Kama unaishi sehemu za juu, ongeza ngazi moja ya ukubwa, na uangalie pia kama pikipiki inatumia mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Mfumo huo hujirekebisha wenyewe kulingana na hewa. Kabureta haijirekebishi.

Kukimbia ni kusimama

Pikipiki yoyote inaweza kukimbia. Swali ni itasimama wapi.

Kwa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Hiyo ni kabla mkono haujagusa breki. Ukishika breki, umbali wa kusimama haurudufu mara mbili, unakuwa mara nne. Ng'ombe akiingia barabarani Olepolos, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika nyumbani.

Kwa hivyo, kama kikapu chako cha mwendo kasi kina kitu chochote ndani, tunakushauri mambo matatu:

1. Diski mbele. Pikipiki nyingi za kazi huja na breki za dramu. Zinatosha mjini, lakini kwenye mteremko mrefu kama ule wa kushukia Mai Mahiu hupata moto na kulegea. Hata ukiwa na diski, shuka kwa gia ya chini uache injini ikusaidie.
2. ABS ikiwezekana. Inazuia gurudumu kukwama ukishika breki kwa nguvu, hasa mvua ikinyesha.
3. Tairi za lami. Zile zenye vijino vikubwa ni za matope. Kwenye lami hutetemeka na hazishiki vizuri kwenye kona.

Kama bajeti haitoshi vyote, tungepunguza cc kabla ya kupunguza breki. Na helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, vyako na vya abiria wako, vihesabu ndani ya bei ya pikipiki. Si ziada, ni sheria.

Kaa juu yake

Mwendo wa pole pole ndio unaochosha mwili. Pikipiki ikiwa inakimbia hujisimamisha yenyewe. Ikitambaa, wewe ndiwe unayeishikilia. Himalayan ina uzito wa karibu kilo 200. Boxer ya 150 iko chini ya 140. Tofauti hiyo utaisikia kila unapoisukuma nyuma kutoka kwenye maegesho ya mtaa.

Keti. Nyayo zote mbili ziguse chini. Geuza usukani mwisho kulia, mwisho kushoto: tumbo na magoti yako sawa? Shika klachi uachie, mara 20. Kidole kimeuma? Kwenye jam utafanya hivyo mara mia kadhaa.

Na za umeme?

Kwa jam, ni tamu. Mota ya umeme inavuta kwa nguvu zote tangu inapoanza kuzunguka, haina klachi, na ukisimama haichomi kitu. Nairobi kuna Ampersand na Spiro ambazo hukubadilishia betri vituoni, na Roam ambayo huunda pikipiki zake hapa hapa. Shida huja kwenye barabara kuu: upepo unaokupinga huongezeka haraka kuliko mwendo wako, na betri hushuka mbio. Kabla ya kununua, chora safari yako ndefu kabisa ya mwezi, kisha uangalie kama kuna kituo cha betri njiani.

Jaribio la dakika 20

Muuzaji anayekataa usijaribu pikipiki, mshukuru uende. Anayekubali, fanya haya:

- Tembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, gia ya kwanza, kwa mita 50 bila kuweka mguu chini.
- Kwenye gia ya tatu, ukiwa kilomita 30 kwa saa, fungua mafuta hadi 50. Inavuta laini au inagongagonga? Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, maana ndipo mwendo wa pole pole na wa kasi hukutana.
- Panda mlima ukiwa na mtu nyuma.
- Shika breki ya mbele na ya nyuma kwenye barabara tupu. Inaenda moja kwa moja au inavuta upande?
- Iache ikinguruma dakika tano bila kusonga. Je, moto wa injini unachoma magoti?

Sasa pesa

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Tuseme unaendesha kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita itakunywa lita 52. Inayokwenda kilomita 30 itakunywa karibu 87. Hizo ni lita 35 za ziada kila mwezi. Zizidishe na bei ya petroli ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, uone kama raha ya Jumamosi ina thamani hiyo. Kwako inaweza kuwa nayo. Muhimu ni ujue mapema.

Ukinunua kwa mkopo wa kulipa kila siku, usidanganywe na udogo wa malipo. Mfano: amana ya shilingi 20,000, kisha 400 kila siku kwa siku 540. Jumla ni 236,000. Linganisha na bei ya taslimu, kisha uulize ni nani atakayeshika logibuku hadi umalize, na nini kitatokea ukiugua wiki mbili.

Na kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ilipo, tuseme wazi:

- Usitume amana kwa pikipiki uliyoiona kwenye picha tu.
- Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama unanunua dukani na jina ni la mtu binafsi, simama uulize.
- Pikipiki iliyotumika: thibitisha mwenyewe kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Nambari ya fremu na ya injini zilingane na logibuku.
- Hifadhi kila ujumbe wa malipo hadi logibuku isome jina lako.

Rahisi huwa ghali, lakini ghali nayo si lazima ikufae. Andika vikapu vyako viwili wiki hii, kabla hujaingia duka lolote. Ukijua saa zako ziko wapi, muuzaji atakuwa na kazi ngumu sana ya kukuuzia pikipiki ya mtu mwingine.