Mkondo Uliokosa Njia ya Kurudi

Msomaji mmoja wa Mkuyuni, Mwanza, ameivua Hiace yake waya zote na kuisuka wayaringi upya: taa, muziki, feni, kila kitu. Sasa ana kero. Akikanyaga breki, indiketa ya mbele kushoto inawaka kwa mbali, na mshale wake kwenye dashibodi unachungulia. Fundi ameshalaumu swichi ya indiketa. Aiache swichi, aende nyuma kushoto akatazame athi.

Volti na ampea tulisoma shuleni, tuziruke. Kwenye gari umeme hutoka betri kwa waya na kurudi kupitia bati la bodi. Mafundi huliita bati hilo athi, yaani ardhi, ingawa gari limekaa juu ya matairi na umeme wake hauna shida na udongo. Mimi hupenda kuita njia hiyo “marejeo”.

Sasa utamu wenyewe. Taa ya nyuma ina balbu ya breki ya wati 21 na ya indiketa ya wati 21, zote zikitumia waya mmoja wa athi uliokazwa kwa skrubu kwenye bodi. Ukikazwa juu ya rangi, au kutu ikiingia, mkondo wa breki unapita balbu yake, unafika kwenye skrubu na kukuta pamefungwa. Hausimami. Unaingia balbu ya indiketa kinyumenyume, unafuata waya wa indiketa hadi mbele, unapita balbu ya kule ambayo athi yake ni nzima, ndipo unaipata bodi. Balbu tatu zimejikuta kwenye foleni moja, zikigawana volti 12: kila moja inaambulia kama 4. Indiketa inawaka bila kuwashwa, na breki yenyewe imefifia.

Fikiria Barabara ya Kenyatta imefungwa hapo Mkuyuni jioni. Daladala za Buhongwa hazilali barabarani. Zinapenya vichochoroni, zinapita mbele ya nyumba ambazo hazijawahi kuona daladala, watoto wanatoka kushangaa, kisha zinaibukia mbele barabara ilipo wazi. Mwenye nyumba hana kosa, kichochoro hakina kosa. Ukimwita fundi aje kurekebisha geti la mwenye nyumba, umetibu pasipouma. Kosa liko pale barabara ilipozibwa.

Kwa hiyo anayesuka wayaringi apange marejeo kabla ya kukata waya wa kwanza. Waya wa kurudi uwe mnene sawa na wa kwenda, kwa kuwa mkondo ni uleule. Injini imekaa juu ya mipira, basi ipewe waya wake mnene hadi kwenye bodi na betri; ukikosekana, mkondo wa stata utatafuta kebo ya mafuta au ya gia na kuichemsha. Na stata haina mzaha: ikivuta ampea 150 kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, volti 7.5 zinapotea hapohapo kama joto. Sensa zipewe marejeo yao, mbali na ya stata na ya amplifaya ya muziki, maana volti chache zinazocheza kwenye athi ya pamoja huonekana kama habari za sensa.

Pa kukazia, kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza boliti, kisha paka grisi juu ili unyevu wa ziwa usipenye.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, athi hiyo haifai. Kwa taa, ncha ya pili iguse athi ya taa yenyewe breki ikiwa imekanyagwa. Fanya hivyo kabla hujanunua swichi mpya.