Aliyefika Salama na Aliyebaki Njiani

Ukipanda teksi ya Mbuya katikati ya Kampala, dini utaikuta garini kabla hujapata pa kukaa. Kioo cha nyuma kimeandikwa sifa za Mungu, rozari inaning'inia mbele ya dereva, au kama dereva ni Mwislamu kuna bismillahi iliyobandikwa juu ya kioo, na redioni yumo mhubiri asiyepumzika. Teksi ya Uganda ndiyo daladala ya Dar es Salaam na matatu ya Nairobi: Toyota HiAce nyeupe yenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni, iliyoandikishwa kuchukua abiria 14. Gari linafuata Barabara ya Jinja hadi Nakawa, linaacha barabara kuu na kuanza kupanda kilima cha Mbuya, chenye kambi ya jeshi, ambako Kiswahili hakimshangazi mtu. Abiria akishuka salama husema Mungu amemfikisha, na Jumapili huenda akasimama kanisani kutoa ushuhuda wa safari hiyo. Ni desturi nzuri, wala sina ugomvi na shukrani. Ugomvi wangu uko kwenye somo linalofuata baada ya shukrani, maana nadhani tumelitafuta mahali pasipo pake. Tumezoea kuuliza safari imeniambia nini juu yangu mimi. Injili, kila inapotutoa nyumbani na kutuweka barabarani, inauliza njiani tulimkuta nani na tulimfanyia nini.

Chukua ushuhuda unaosikika kuliko yote: fulani alichelewa siteji, gari alilokuwa alipande likamwacha, mbele kidogo likapata ajali, naye akajua kwamba Mungu ana mpango na maisha yake. Kanisa zima linaitikia Amina. Lakini ndani ya gari lile walikuwamo abiria wengine, na hakuna sababu ya kudhani kwamba hao hawakusali asubuhi ile. Polisi ya Uganda ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliouawa na ajali za barabarani mwaka 2024 peke yake, wengi wao wakiwa waendesha pikipiki, abiria wao, na waenda kwa miguu. Katika nchi ambayo wananchi wengi ni Wakristo, hesabu hiyo haiwezi kukosa walokole, wanakwaya na makatekista. Kama kupona kwangu ni ujumbe wa upendo, kufa kwao ni ujumbe gani? Swali hili halikuletwa na wasioamini. Katika sura ya 13 ya Luka, Yesu analetewa habari za watu waliouawa, naye mwenyewe anaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Hapo ndipo angeweza kueleza kwa nini wale 18 na si wengine. Hakueleza. Alisema tu kwamba hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia wasikilizaji na kuwadai toba yao wenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba kwa maneno haya nauondoa mkono wa Mungu barabarani, kana kwamba yeye yupo kanisani tu na nje tumeachiwa dereva na breki zake. Sisemi hivyo. Mkristo anaamini kwamba maisha yake yako mikononi mwa Mungu akiwa amekaa au akiwa safarini, na kumshukuru kwa kufika ni sala halali. Lakini kutangaza kwamba ninajua kwa nini nilifika mimi, na mwenzangu wa siti ya pili hakufika, hiyo si sala tena. Ni dai, na mwenye dai hutakiwa ushahidi ambao hakuna abiria anao. Tena ni dai linaloumiza: mjane aliyeketi benchi la nyuma analisikia vilevile, na anajua linamsema vipi marehemu wake.

Historia ya Uganda yenyewe inalipinga dai hilo. Mwezi Mei 1886, vijana Wakristo waliohukumiwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walitembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo, kando ya ziwa, kwenda Namugongo. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani tarehe 26 Mei, na kesho yake Atanasi Bazzekuketta akauawa Nakivubo, bonde ambalo leo limejaa maduka, uwanja wa mpira na stendi za teksi, ambako kila asubuhi makonda huita abiria. Waliobaki wakaendelea hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto huko, Wakatoliki na Waanglikana. Tukipima kwa kuuliza nani alifika salama, Bazzekuketta hakufika hata nusu ya njia. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 tarehe 18 Oktoba 1964, na halikuwahi kutofautisha kati yao aliyefika mwisho wa safari na aliyeishia bondeni.

Ukitaka kuona jinsi Injili inavyoisoma safari, isome tena ile habari ya Msamaria mwema, na uisome kama mtu anayeijua barabara. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko inateremka zaidi ya mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 30, nyikani, penye mawe na makona ya kuviziana. Mtu ameshambuliwa, amelala nusu mfu. Kuhani anapita, Mlawi anapita. Tunawalaumu kwa ukatili, lakini hao wawili ndio waliofika salama. Wangeweza kabisa kusimama mbele ya waumini na kushuhudia kwamba walipita mahali pa majambazi, damu ilikuwa bado mbichi, na Bwana akawavusha. Kila neno lingekuwa la kweli. Msamaria kwa upande wake alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, na hapo wengi tunapita haraka, maana ina maana kwamba yeye alishuka akatembea. Kwenye njia ya wanyang'anyi, usalama ni mwendo. Yeye aliupunguza mwendo wake hadi ukalingana na mtu aliyevunjwa. Alilala naye nyumba ya wageni, asubuhi akatoa dinari mbili, akaacha na deni juu yake. Ukiondoa kwamba alimhurumia, Luka hatuambii lingine lililopita moyoni mwake, wala alikuwa akienda kufanya nini huko, wala kama alichelewa. Na wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau nao walitembea na Yesu njiani bila kumtambua, wakafumbuliwa macho mezani tu, baada ya kumsihi mgeni alale kwao kwa sababu jua limekuchwa. Wangemuaga njia panda, wangebaki na mazungumzo mazuri tu ya safarini.

Ndani ya teksi ya Mbuya somo hili lina ukubwa wa noti. Konda anakusanya nauli gari likiwa mwendoni. Aliye siti ya nyuma anaitoa hela yake, inapita mkono kwa mkono juu ya mabega ya watu asiowajua, na chenji inarudi kwa njia ileile. Hakuna risiti. Konda akikosa chenji, anawashusha abiria wawili wasiojuana kwa noti moja, wakaivunje wenyewe. Tazama sura zao pale kando ya barabara. Mmoja ameshika noti, kwa hiyo ndiye mwenye nguvu. Mwingine anamfuata duka hadi duka akijifanya hana wasiwasi. Ana haraka, labda kiasi anachodai hakimtoshi hata soda, na mwenzake anajua kwamba akikazana kidogo atasamehewa hela hiyo. Sidhani kuna mahali pengine mjini ambapo uaminifu katika kilicho kidogo, ule aliousifu Yesu, unapimwa mara nyingi hivyo kwa siku moja. Kuna na upande mchafu. Katika siteji nyingi za Afrika Mashariki wapiga debe hukaa ndani ya gari wakijifanya abiria, ili msafiri adhani limekaribia kujaa. Akiisha kuingia, wao wanashuka mmoja mmoja. Kama kioo cha nyuma cha gari hilo kimeandikwa jina la Mungu, basi ile amri ya kutolitaja jina lake bure imevunjwa pale bila mtu kufungua kinywa.

Msomaji makini atauliza: hapo Ukristo uko wapi? Kurudisha chenji ni adabu ya watu wote. Mwislamu anairudisha, na asiye na dini pia. Ni kweli, na Injili haikatai. Msamaria mwenyewe hakuwa wa dini ya wale waliokuwa wakisimuliwa habari zake. Ndiyo sababu habari hiyo iliwachoma. Imani ya Kikristo haidai kwamba wema ni mali yake. Inachodai kipo katika sura ya 25 ya Mathayo, kwamba Kristo amejiweka katika nafasi ya mgeni, mwenye njaa na mgonjwa, na kwamba waliomhudumia hawakujua wakati ule wanamhudumia nani. Kwa anayeamini hivyo, abiria wa pembeni anakuwa mtu mwingine. Huwezi kumpunja hela yake na kisha kwenda kumsifu Bwana kanisani juu ya kilima, kwa sababu umetoka kuwa naye njiani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni hofu. Kampala ina wajanja wanaotega wasafiri, na dereva anayesimama penye ajali huenda akageuziwa kibao na umati kwamba ndiye aliyegonga. Mzazi anayemwambia mwanawe asisimame usiku hana roho mbaya. Jibu langu ni kwamba busara haijawahi kuwa dhambi, lakini busara ina kazi nyingine zaidi ya kupita. Mwaka 2016, huko Iganga, mashariki ya Jinja kwenye barabara ileile inayopita chini ya Mbuya, waendesha boda boda 154 walifundishwa huduma ya kwanza, kwa sababu iliyo wazi: ajali ikitokea, hao ndio wanaofika kwanza. Wakafundishwa kuzuia damu na kumbeba majeruhi bila kumuumiza zaidi. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzia Kampala mwaka 2014, nayo iliwafundisha waendeshaji wake mambo kama hayo na kuwataka wawe na helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Hapo busara na huruma zimefanya kazi pamoja. Nami naona jambo jingine lisilosemwa sana. Mjini Kampala mwendesha boda ndiye mtu wa kulaumiwa: ndiye anayepanda kando ya njia, ndiye asiyejali taa, ndiye anayeshukiwa mkoba ukipotea. Wasikilizaji wa Yesu walipolisikia neno Msamaria walijisikia hivyohivyo, na huyo ndiye aliyesimama.

Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwenda Namugongo kutoka pande zote za Uganda, wengine kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na wengi wao hupita Barabara ya Jinja kwa Nakawa na Banda. Hija hiyo ni ya heshima, lakini ina urahisi wake. Mtu ameichagua, ina tarehe na nyimbo, na watu wa njiani humpa maji kwa sababu wanajua ni hujaji. Safari ya kila siku haina hata kimoja cha hivyo, na kwa ajili hiyo naiona kuwa shule ngumu zaidi. Boda inayopanda kutoka Kinawataka hadi juu Mbuya inamtoa abiria kwenye nyumba za mabati zilizobanana bondeni, zinazoingiwa na maji mvua ikinyesha, na kumfikisha kwenye kuta ndefu na mageti yenye walinzi, kwa dakika chache tu. Yule tajiri wa sura ya 16 ya Luka hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro wala kwamba alimfukuza. Alipita getini kwake kila siku, akitoka na kuingia.

Kilima hichohicho kinajua kwamba mwendo wa dakika chache unaweza kufanya kazi nyingine. Mwaka 2001, katika parokia ya Bikira Maria wa Afrika, Padri Joseph Archetti, mmisionari wa Comboni, na daktari Margrethe Juncker walianzisha Reach Out Mbuya, wakati UKIMWI ulikuwa unazika watu na dawa zilikuwa nje ya uwezo wa maskini. Kiungo cha kazi hiyo kilikuwa miguu: wahudumu wa jamii, wengi wao wakiishi na virusi wenyewe, walishuka kwenye vichochoro nyumba kwa nyumba, kuona nani amemeza dawa, nani amezidiwa, nani amejificha kwa aibu. Njia zile zilikuwa zikipitwa kila siku na waumini waendao misani. Parokia yoyote inayowaombea wasafiri kila Jumapili, iwe Mbuya au Mbezi ya Dar es Salaam, ingeweza kuanza leo kwa kuuliza mambo mawili kwenye matangazo ya mwisho wa ibada: ni waendesha boda wangapi wa siteji ya nje ya geti letu wanaojua kufunga jeraha, na ni wangapi kati yetu tuliokuja kwa pikipiki asubuhi hii tulipewa helmeti ya pili.