Mtoto Mdogo Ndani ya Ndege

Sisi watu wa Mboko tunajua safari. Tunajua boti ya Uvira na ya Baraka, tunajua pikipiki ya kwenda kwenye dhahabu kule Misisi, tunajua gari linalolala njiani juu ya matope. Katika safari hizo mtoto hana shida sana. Yuko mgongoni, anaona maji, anaona mbuzi, na gari likikwama anashuka anacheza. Ndege ni jambo lingine. Ndege haisimami njiani ili mtoto akojoe.

Na familia nyingi zimeshapanda. Kuna mama anayemfuata bwana aliyepata kazi ya mgodi huko Lubumbashi au Kolwezi. Kuna pia ndugu zetu waliokimbia vita ya 1996, wakavuka ziwa hadi Kigoma, wakawekwa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka uleule. Miaka iliyofuata, maelfu kati yao walipanda ndege kwenda Marekani, wakiwa na watoto ambao ndege walikuwa wanaiona juu mawinguni tu. Hata leo swali la wamama ni lilelile: “Mutoto akianza kulia mule ndani, nitafanya nini?”

Kwanza tujue kwa nini analia. Mara nyingi si utundu, ni masikio. Muulize kijana yeyote wa Mboko anayezamia ziwani: akishuka chini kidogo anasikia maji yanasukuma masikio, mpaka ameze mate ndipo yanafunguka. Katika ndege ni hewa inayofanya hivyo. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani inakuwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni sawa na kutoka hapa kandokando ya ziwa, karibu mita 770, na kupanda milima ya Itombwe, lakini kwa dakika chache. Kiisha unashushwa tena. Kijia chembamba kinachotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio kinapaswa kufunguka ili hewa iwe sawasawa, na kwa mtoto kijia hicho ni kidogo zaidi. Kumeza ndiko kunakokifungua.

Kwa hiyo mtoto anyonye. Mpe ziwa ndege inapopanda, na zaidi sana inapoanza kushuka, karibu nusu saa kabla ya kutua, juu maumivu makubwa huja wakati wa kushuka. Wamama wengi wananyonyesha mapema, mtoto anashiba, analala, halafu anaamka kwa kilio. Mtu aliyelala hamezi sana. Mwamshe, hata kama roho inakuuma. Mkubwa kidogo apewe maji anywe polepole. Watu watakuambia umpe bomboni. Kwa mtoto wa miaka saba sawa, lakini aliye chini ya miaka minne bomboni ngumu inaweza kumkaba koo, na karanga vilevile. Kama ana mafua makali au sikio linatoa usaha, mpitishe kwa muuguzi kabla ya siku ya safari.

Hapa tuseme wazi jambo moja. Kuna wanaoshauri: “Mpe siro ya kulalisha, utasafiri salama.” Hapana, mama! Dawa hizo za mafua na mwasho zinazoleta usingizi, kama prometazini, zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo hata kumwua, na aliye chini ya miaka miwili hapaswi kupewa kamwe. Mtoto anayelia anawachosha majirani wa kiti. Mtoto aliyenyamazishwa na dawa unaweza kufikiri amelala tu, kumbe pumzi inakwisha.

Kuna kilio kingine kisicho cha masikio. Mtoto ameachana na koko wake, ameachana na rafiki, na wewe ulimwambia “tunarudi kesho.” Akiketi kwenye kiti anafahamu kwamba umemdanganya. Afadhali mwambie kweli siku nyingi mbele: koko anabaki, sisi tunakwenda kwa baba, tutalala njiani. Aage vizuri. Koko ampe kitu kidogo cha kushika, kipande cha kikwembe chake kwa mfano. Kitambaa chenye harufu ya nyumbani kinatuliza kuliko mdoli wa dukani.

Mfanye pia mchezo wa ndege uani. Panga viti vidogo mmoja nyuma ya mwingine, mfunge kikwembe kiunoni kama mkanda, mmoja awe rubani, mwingine alete chakula. Ile siku mkanda hautamshtua. Tukitaja mkanda: mtoto wa chini ya miaka miwili mara nyingi anapakatwa, wala hatakubaliwa kubaki mgongoni wakati wa kuruka. Jifunge wewe kwanza. Usimwingize ndani ya mkanda wako, juu ndege ikitikisika uzito wako utambana. Wahudumu wakikupa mkanda mdogo wake, ndio umfunge.

Na cha kumshughulisha? Si lazima pesa. Kaye moja na kalamu ya rangi, kalenda ya zamani yenye picha, kitambaa cha kufunga mafundo mpaka kiwe mtu. Gari lake la waya liweke katika mzigo mkubwa, wakaguzi wanaweza kulizuia mlangoni. Usimpe vyote mara moja! Toa kimoja, akichoka kifiche, toa kingine. Vikiisha una mdomo: hadithi, vitendawili, au kutaja samaki za ziwa kwa zamu, ndagala, mgebuka, kuhe, sangala, anayerudia ameshindwa. Taa ya mikanda ikizimika, tembea naye kidogo. Baba naye asijifanye amelala.

Beba nguo za kubadilisha za mtoto na zako pia, na maji, juu hewa ya mule ni kavu. Tangu 2006 viwanja vingi vya kimataifa havikubali chupa inayozidi mililita 100, lakini maziwa na uji wa mtoto kwa kawaida vinaruhusiwa. Vitoe uvionyeshe mwenyewe.

Kama mtabadilisha ndege, bakiza kitu kimoja ambacho mtoto hajakiona bado. Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kungoja ndege ya pili, usiku, watu wote wamechoka, na wewe bado uko kwenye mstari na makaratasi mkononi.